Kupatanisha Nyuzi za Udi: Uzi Mmoja kwa Kipimo, Nyingine kwa Sikio

Udi mpya aghalabu hufika mikononi mwa mwenyewe ukiwa umelegea. Aliyeuuza amelegeza nyuzi kwa ajili ya safari, au joto na unyevu vimeshafanya kazi yao njiani, na mwanafunzi anabaki kuvitazama vigingi kumi na kimoja visivyo na alama hata moja. Wengi hapo hukimbilia simu. Hutafuta programu ya kupimia sauti, hukaza kila uzi mpaka taa igeuke kijani, kisha hushangaa udi ukipigwa unalia kama paka wanaogombana juu ya bati.

Kosa si la simu. Gitaa lina vyuma vilivyokata shingo yake, na vyuma hivyo humwambia mpigaji kila sauti iko wapi. Shingo ya udi ni laini, haina chuma wala mstari. Nyuzi tupu, yaani zinazopigwa bila kubanwa na kidole, ndizo sauti pekee unazoweza kuziamini. Nyingine zote utazitafuta mwenyewe kwa kuzilinganisha na hizo. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kupatanisha nyuzi si kazi ya kumaliza haraka ili somo lianze. Ndiyo somo lenyewe. Katika mwongozo huu kipimo cha simu kitatumika kwa makadirio ya mwanzo, na kwa usahihi kwa uzi mmoja tu, kisha kitawekwa kando.

Ulichoshika mkononi

Udi wa kawaida unaopigwa kwenye taarab una nyuzi 11. Kumi zimepangwa kwa jozi tano, kila jozi nyuzi mbili za sauti moja, na wa kumi na moja ni besi, uko peke yake. Kuna udi wenye nyuzi 13, hapo jozi ni sita. Ukishika udi kwa mkono wa kulia wa kupigia, besi huwa juu karibu na uso wako na nyuzi nyembamba huwa chini karibu na goti. Mafundi wengine, hasa wa mtindo wa Iraki, huipeleka besi upande wa chini. Tazama kwanza udi wako ulivyo kabla ya kuamini maelezo ya mtu yeyote, yakiwemo haya.

Nyuzi nyembamba ni za nailoni tupu. Zile nene zina moyo wa nyuzi laini uliozungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha. Nyuzi hutoka kwenye daraja lililogundishwa usoni mwa udi, hupita juu ya shimo, hupanda shingo, huvuka kizingiti, yaani kile kijiti chenye mifereji mwishoni mwa shingo, kisha huzama katika kichwa kilichokunjwa kwa nyuma. Humo ndimo vilimo vigingi.

Jambo moja ulijue kabla hujagusa kigingi. Udi wa Kiarabu na udi wa Kituruki vinafanana kwa macho ya mgeni, lakini wa Kituruki una urefu mfupi kidogo wa uzi, kama sentimita 58 na nusu, na wa Kiarabu huwa kama 61. Waturuki hupandisha nyuzi zao sauti moja nzima juu ya Waarabu. Ukinunua nyuzi za Kiarabu ukazivuta kwa kipimo cha Kituruki, mvutano hupanda kwa zaidi ya robo, na nyuzi zote kumi na moja kwa pamoja tayari huvuta uso mwembamba wa mbao kwa uzito unaozidi kilo 30. Kinachofuata ni daraja kung'oka au uso kubonyea. Soma pakiti ya nyuzi.

Sauti gani kwa uzi upi

Kuna namna kadhaa za kupanga nyuzi za udi. Hii ninayoitoa ni ya Kiarabu, ya zamani na iliyoenea, na majina ya jozi zake utayasikia kwa kila mwalimu aliyefundishwa kwa njia ya Kiarabu. Kuanzia juu kwenda chini, yaani kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, herufi ikiwa jina la sauti:

Besi: C, mtetemo 65.4 kwa sekunde
Yaka: G, 98
Ushairani: A, 110
Duka: D, 146.8
Nawa: G, 196
Kirdani: C, 261.6

Utaona kwamba kutoka yaka hadi ushairani ni hatua moja tu, G kwenda A. Kutoka hapo kila jozi inaruka umbali uleule: A hadi D, D hadi G, G hadi C. Umbali huo ndio utakaolifundisha sikio lako leo, na kwa aliyewahi kuimba kwaya au kusoma noti za kuimba, ni ule wa kutoka do hadi fa.

Udi wengine hufika na nyuzi zilizokusudiwa mpangilio mwingine, ambapo jozi ya yaka ni F badala ya G. Tofauti ni hatua moja na uzi wa kawaida huivumilia, lakini kama pakiti imeandika F, shika F mpaka siku utakapobadilisha nyuzi. Yaliyobaki katika mwongozo huu hayabadiliki, isipokuwa pale nitakapoizungumzia yaka.

Hatua ya kwanza: mjue kila uzi na kigingi chake

Usikaze kitu. Kaa chini, laza udi mapajani uso ukiangalia juu, shika uzi mmoja karibu na daraja na uufuate kwa kidole mpaka kwenye kigingi chake. Kichwani mle nyuzi hupishana, na mara nyingi nyuzi mbili za jozi moja haziendi kwenye vigingi vilivyo jirani. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: kigingi cha kwanza kushoto, uzi fulani, cha pili, uzi fulani. Dakika kumi hizi ni za thamani. Karibu kila mtu ninayemjua aliyekata uzi siku ya kwanza aliukata akigeuza kigingi kimoja huku akisikiliza uzi mwingine, anashangaa sauti haipandi, anazidi kukaza, halafu *pah*.

Na kwa kuwa nyuzi hukatika, usiuinamie udi uso kwa uso unapokaza.

Hatua ya pili: jifunze kugeuza kigingi

Kigingi cha udi hakina meno wala parafujo kama cha gitaa. Ni mti uliochongwa mwembamba kuelekea ncha, umechomekwa katika tundu lililochongwa vivyo hivyo, na kinachouzuia kurudi ni msuguano peke yake. Maana yake ni kwamba huwezi kugeuza tu. Unageuza *na* kusukuma ndani kwa wakati mmoja, kama mtu anayefunga kizibo cha mti cha chupa.

Shikilia kichwa cha udi kwa mkono mwingine upande wa pili ili shingo isibebe nguvu ya msukumo. Ukigeuza bila kusukuma, kigingi kitakubali, kitasimama sekunde mbili, kisha kitajifungua chenyewe kwa kelele na uzi wake utalegea wote. Ukisukuma kupita kiasi, kitakwama na siku moja kitapasua ukuta wa kichwa. Usigonge kigingi kwa nyundo. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kuletewa udi uliogongwa, na ufa ulikuwa unaanzia kwenye tundu moja hadi la tatu.

Mwendo wa mkono uwe mdogo sana. Fikiria mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani: kigingi kikisogea kwa kiasi cha mshale huo kupita dakika moja, sikio litasikia. Wanaoanza hugeuza robo ya duara wakati walichohitaji ni unywele.

Halafu kuna kanuni ambayo Maalim aliyenifundisha hakuwahi kuieleza sababu, alikuwa akinipiga kidole tu nikiikosea. Sauti hufikiwa kutoka chini. Uzi ukishapita juu ya sauti unayoitaka, usiushushe ukasimama hapo. Ulegeze mpaka upite chini ya sauti hiyo, kisha uupandishe tena polepole. Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Uzi unapolegezwa, kipande chake kilicho nyuma ya kizingiti hakilegei sawa na kile cha mbele, kwa sababu mfereji unaushika. Ukiacha hivyo, ukipiga mara tatu uzi hujipanga upya na sauti huanguka. Uliopandishwa kutoka chini tayari umeshavutwa, hauna pa kwenda.

Hatua ya tatu: duru la kwanza, la makadirio

Sasa washa kipimo cha simu kwa muda mfupi. Hakikisha kimewekwa kusoma sauti zote kumi na mbili, si kwa ajili ya gitaa, la sivyo kitalazimisha kila uzi wa udi uwe uzi wa gitaa. Kiwango kiwe A 440, yaani A yenye mtetemo 440 kwa sekunde.

Anza na nyuzi za katikati, duka na ushairani, kisha nenda nje pande zote mbili. Usitafute usahihi. Peleka kila uzi jirani na mahali pake, upungue kidogo, uendelee na mwingine. Uso wa udi ni ubao mwembamba wa milimita chache. Kadiri unavyoongeza nyuzi zenye mvutano, ndivyo unavyozama kidogo, na nyuzi za mwanzo hulegea bila wewe kuzigusa. Aliyekaza uzi wa kwanza kwa usahihi wote amefanya kazi ambayo itabomoka kufikia uzi wa sita.

Kama nyuzi ni mpya, nailoni itaendelea kunyooka kwa siku kadhaa. Baada ya duru hili, weka kidole chini ya kila uzi katikati yake, uunyanyue kwa upole mara tatu nne, kisha uupandishe tena. Hilo hupunguza siku za kusubiri, haliziondoi.

Hatua ya nne: uzi mmoja wa kuaminika

Chagua uzi mmoja kati ya mbili za ushairani. Uzi mwenzake uunyamazishe kwa kuugusa na kidole, au pitisha kipande cha kitambaa laini kati ya nyuzi. Pigia kwa risha, yaani kile kijiti cha kupigia nyuzi, au kwa nyama ya kidole gumba, juu ya shimo, si karibu na daraja. Upandishe mpaka kipimo kisome A, 110.

Nachagua ushairani kwa sababu A ndiyo sauti ambayo dunia nzima hukubaliana nayo. Ukiwa na uma wa sauti, ule wa chuma unaougonga gotini, unakupa A 440, ambayo ni A hiyohiyo oktava mbili juu (kila oktava ni sauti ileile kwa mtetemo maradufu). Ukiwa na kinanda au kodiani, A ipo. Siku umeme na chaji vimekwisha, hutakosa pa kuanzia.

Ukishaupata, zima simu.

Hatua ya tano: do hadi fa

Piga ule uzi wa ushairani uliokwisha kuwa sawa. Usiusikilize tu, uimbe. Hata kama sauti yako ni ya kukwaruza na wenzio nyumbani wanacheka, imba kwa mdomo wazi, maana sikio linalosikiliza bila koo kushiriki hujidanganya kirahisi. Sauti hiyo iite *do*. Panda: do, re, mi, fa. Shika *fa*, iendelee. Wakati koo bado limeishika, piga uzi mmoja wa duka, ukiwa umenyamazisha mwenzake. Je, uko chini ya koo lako au juu? Kama huwezi kujua, ulegeze kusudi mpaka uwe chini waziwazi, kisha upandishe taratibu. Utafika mahali ambapo uzi na koo vinaungana, na kifua kinaitikia.

Hapo umefika karibu. Kumaliza, piga ushairani na duka kwa pamoja, ziache zilie. Sikiliza chini ya sauti, ule mnong'ono unaobaki baada ya mshindo kufifia. Zisipopatana utasikia mnong'ono huo ukipanda na kushuka kama wimbi: *wou, wou, wou*. Kadiri unavyokaribia, wimbi linapungua kasi, *wooou… wooooou*, mpaka linatulia kama maji ya birika. Simama hapo.

Rudia kutoka duka kwenda nawa: duka sasa ndiyo do, nawa ni fa. Kisha nawa iwe do, kirdani iwe fa. Mara tatu umbali uleule. Siku za mwanzo itakuchukua nusu saa na utakasirika. Baada ya wiki mbili za kufanya hivi kila unapoushika udi, utashangaa kwamba huhitaji tena kuimba kwa sauti.

Sasa jambo ambalo huwachanganya wenye simu. Ukimaliza vizuri kwa sikio, ukawasha kipimo tena kujikagua, kitakuambia duka imepungua kwa kitu kidogo sana, nawa kidogo zaidi, na kirdani imepungua kwa kama senti 6, senti moja ikiwa sehemu ya mia ya nusu-sauti, na nusu-sauti ni umbali kati ya sauti mbili jirani za kinanda. Umekosea? Hapana. Simu hupima kwa ngazi ya kinanda, ambayo umbali kati ya sauti zake umesawazishwa ili kinanda kiweze kupiga kila ufunguo, na kwa ajili hiyo karibu kila umbali umenyooshwa au kufinywa kidogo. Do hadi fa iliyotulia kabisa, isiyo na wimbi, ni nyembamba kuliko ya kinanda kwa takriban senti 2. Mara tatu ni 6. Sikio lako ndilo lililokuwa likisema kweli kuhusu nyuzi hizi. Ukipiga peke yako au kumsindikiza mwimbaji, acha hivyohivyo. Ukipiga na kinanda, nitakuambia mbele kidogo.

Hatua ya sita: yaka na besi

Yaka ni rahisi, kwa kuwa ni nawa oktava moja chini. Piga nawa, piga yaka. Ni sauti moja, kama mtoto na baba wakiimba wimbo mmoja. Zipige pamoja na utafute wimbi lilelile. Kwenye oktava wimbi husikika wazi, kwa hiyo hutahangaika. Ukishamaliza, piga yaka na ushairani moja baada ya nyingine. Zinapaswa kusikika kama do na re, hatua ya kawaida ya kwanza ya ngazi. Zisiposikika hivyo, basi mahali fulani kati ya duka na nawa uliteleza, na kosa limezunguka mpaka likarudi mlangoni. Hiki ni kipimo kizuri kuliko taa yoyote ya simu. (Wenye F mahali pa yaka: F ni fa kuanzia besi yenu ya C, na kati yake na ushairani kuna hatua mbili, do hadi mi.)

Besi ni C, oktava mbili chini ya kirdani. Masikio mengi hupata shida kulinganisha sauti zilizo mbali hivyo. Tumia yaka: ukiita besi do, yaka ni so. Zipige pamoja. Zikipatana, udi mzima utatetemeka tumboni mwako. Usitegemee simu kwa besi. Maikrofoni ndogo haisikii vizuri mtetemo wa 65, na mara nyingi kipimo husoma mwangwi wa juu wa uzi badala ya uzi wenyewe, kikaruka kutoka C kwenda G bila adabu.

Hatua ya saba: kuoanisha jozi

Mpaka sasa umepatanisha uzi mmoja katika kila jozi. Ondoa kitambaa. Piga nyuzi mbili za ushairani pamoja na usikilize wimbi.

Hapa hesabu ni nyepesi na inafaa kuijua. Nyuzi mbili zikitofautiana kwa mtetemo mmoja kwa sekunde, utasikia wimbi moja kwa sekunde. Nawa moja ikiwa 196 na mwenzake 193, mawimbi ni matatu kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi linakuambia uko umbali gani, ila halikuambii uko upande gani. Ujanja ni uleule: ulegeze uzi wa pili mpaka wimbi liwe la kasi na ujue hakika uko chini, kisha panda mpaka litulie. Likianza tena kwenda kasi, umepita.

Kuna wapigaji wa zamani wanaoacha wimbi jembamba sana kwenye jozi za juu, kwa makusudi, ili udi uwe na uhai kidogo. Sikubishani nao. Lakini anayeanza akiacha wimbi, si makusudi, ni uvivu. Tuliza kabisa kwanza.

Jozi ikipatana vizuri, nyuzi mbili husikika kama uzi mmoja mnene. Sauti inajaa na inakaa muda mrefu zaidi. Hutahitaji kuambiwa.

Hatua ya nane: rudia

Anza tena kwenye ushairani. Utakuta umeshuka, kwa sababu uso umezama chini ya mvutano wa nyuzi ulizoongeza. Urekebishe, kisha pita kwenye nyuzi zote kwa mpangilio uleule. Duru la pili huchukua robo ya muda wa la kwanza. La tatu ni kugusagusa tu. Udi wenye nyuzi mpya kabisa unaweza kuhitaji maduru matano siku ya kwanza, na kesho yake uanze upya.

Vikwazo vya kila siku

*Kigingi kinateleza.* Kichomoe, kipake chaki ya ubaoni kwenye sehemu mbili zinazogusa kuta za kichwa, kirudishe. Angalia pia uzi ulivyojiviringa. Mizunguko ya mwisho inapaswa kuegemea ukuta wa upande wa kishikio, ili mvutano wa uzi wenyewe ukivute kigingi ndani. Ikiegemea upande wa ncha, uzi unakisukuma kigingi nje, na chaki yote ya shule haitakusaidia.

*Kigingi kimekwama.* Hutokea zaidi msimu wa unyevu, mti unapofura. Usitumie koleo. Subiri siku kavu, au ingiza udi ndani ya begi lake usiku kucha pamoja na vifuko vya kukausha unyevu. Ukifanikiwa kukichomoa, kisugue kwa kipande kikavu cha sabuni ngumu, kidogo tu, kisha chaki kidogo juu yake. Sabuni hulainisha, chaki hushika. Uwiano utaupata kwa kujaribu.

*Sauti inaruka badala ya kupanda.* Unageuza, hakuna kitu, unageuza, hakuna kitu, halafu *tik*, na uzi umeruka nusu-sauti. Uzi umenasa kwenye mfereji wa kizingiti. Legeza, nyanyua uzi, sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji mpaka uwe mweusi. Unga wa penseli ni mafuta makavu.

*Jozi inapatana ikiwa tupu, lakini ukibana kidole zinagombana.* Kwanza jishuku mwenyewe, huenda kidole kinauvuta uzi mmoja pembeni. Kama si hivyo, uzi mmoja umechakaa. Nyuzi zenye waya ndizo huchakaa mapema, na utaona waya umekuwa mweusi au umebanwa bapa mahali vidole vinapokaa. Badilisha zote mbili za jozi hiyo, si mmoja, kwani mpya na mzee hawaoani.

Na ukibadilisha nyuzi zote, usizitoe zote kwa mpigo. Toa jozi moja, weka mpya, nenda jozi inayofuata. Uso wa udi haupendi kushtuliwa.

Ukipiga na wengine

Katika kikundi cha taarab kuna kodiani, na kodiani haikazwi wala hailegezwi. Sauti zake zimekatwa kwenye ndimi za chuma ndani yake. Kwa hiyo udi, fidla na ganuni hufuata kodiani, hata kama kodiani yenyewe imezeeka na A yake si 440 tena. Muombe mwenye kodiani ashike A, upatanishe ushairani kwayo, kisha endelea kama kawaida. Halafu muombe C na G, ukague kirdani na nawa. Zile senti chache nilizozitaja hapo juu ndizo zitakazoonekana hapa. Pandisha kirdani unywele mmoja ikubaliane na kodiani. Mbele ya watu, kukubaliana na wenzako ni muhimu kuliko usafi wa hesabu.

Fika mapema. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu-tatu kwa kila sauti, na anayeipatanisha anahitaji ukimya. Si adabu kuanza kudonoa udi wako wakati yeye yuko katikati.

Ikiwa mwimbaji anaona wimbo uko juu kwa koo lake, na kikundi hakina ala ya sauti zisizobadilika, shusha udi mzima nusu-sauti, kila uzi kwa kiasi kilekile, ukianza na ushairani. Kushusha hakuudhuru udi. Kupandisha ndiko kwa kuogopa.

Ukimaliza kupiga

Kwa kawaida huna haja ya kulegeza nyuzi kila usiku. Udi uliozoea mvutano wake hutulia zaidi kuliko unaolegezwa na kukazwa kila siku. Safari ni jambo jingine. Ukisafiri, hasa kwa ndege au ndani ya gari, shusha kila uzi hatua moja au mbili, na usiuache udi kwenye gari lililoegeshwa juani. Gundi inayoshika daraja na mbavu za mgongo hulainika kwa joto, na nyuzi hazitasubiri iwe ngumu tena. Ukifika, uache ndani ya begi saa moja ipate hali ya hewa ya mahali, ndipo uutoe, uanze na ushairani.